Dakika Arobaini za Mkanda

Wagonjwa wenzangu wa sukari hunisimamisha sokoni wakitaka niwaambie nilikula nini na niliacha nini. Chakula nitakuja kukieleza. Lakini kwanza huwa nawauliza swali linalowashangaza: saa kumi jioni, mlango wa nyumba yako uko wazi au umefungwa? Mimi kilichokaribia kunishinda hakikuwa chapati peke yake. Kilikuwa hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu. Nimefundisha hesabu shule ya msingi hapa Mikumi tangu nilipotoka chuoni, na nimewachapa watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko hilo nililolifanya mwenyewe.

Niliambiwa nina sukari masika yakianza. Kabla ya hapo nilikuwa nakunywa maji sishibi, naacha darasa mara tatu katika kipindi kimoja kwenda chooni, na wanafunzi wakawa wanaguna nikifika mlangoni. Maandishi ya ubaoni, niliyoyaandika kwa mkono wangu, yakaanza kuniyeyukia machoni. Vidole vya miguu vikawa vinachomachoma kisha vinakufa ganzi. Mume wangu Salumu, fundi wa magari katika gereji moja hapa barabara kuu, aliniangalia wiki mbili, halafu akanipeleka Kilosa, kwa kuwa kliniki ya sukari ilikuwa huko.

Kilosa ni kwetu. Baba yangu alikuwa fundi wa reli pale, na ni pale alipokatwa mguu chini ya goti kwa ugonjwa huu huu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshika kwapani kumpeleka kuoga. Kwa hiyo nilipokaa kwenye benchi la ile hospitali na kopo langu la mkojo mkononi, sikuwa nawaza dawa. Nilikuwa nahesabu miguu ya watu waliokaa mbele yangu. Watu kumi na wanne, miguu ishirini na mitano.

Daktari alikuwa kijana, ana haraka. Akaniandikia vidonge, akaniambia nipunguze wanga na sukari, nifanye mazoezi. "Tukifika mwisho wa mwaka haijashuka, mwalimu, tutaanza sindano."

Niliposikia sindano nilisikia msumeno. Baba alianza kuchomwa mwaka ule ule aliokatwa, na kichwani mwangu mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Leo najua nilikuwa mjinga. Baba aliikataa sindano miaka mitatu kabla, na kama angeikubali huenda angekufa na miguu yake yote. Wewe ukiandikiwa, choma. Lakini siku ile nilitoka pale nimeapa kwamba mwisho wa mwaka utanikuta nimesimama mbele ya darasa langu kwa miguu miwili, bila sindano.

Mazoezi nikafanyie wapi? Mikumi ukikimbia upande mmoja unakutana na tembo, upande mwingine unakutana na madereva wa malori, na sijui wepi wana adabu zaidi. Hapo ndipo nikakumbuka deki. Zilikuwa zile enzi milango ya bidhaa za nje imefunguliwa, kila mwenye bahati anarudi kutoka Dar es Salaam na kitu kwenye boksi, na Salumu alirudi na televisheni na deki ya mikanda ya video. Jioni wanaume wa jirani walikuja kutazama filamu za mateke. Siku moja Morogoro, kwenye rundo la mitumba ambapo nilikuwa natafuta raba, nikaona mkanda wa video wa mazoezi ya viungo. Wanawake watatu wa Kizungu, nguo zimewabana, wamecheka meno yote. Chini yao imeandikwa: dakika arobaini, kalori mia nne.

Mwalimu wa hesabu ukimwonyesha namba umemshika. Kwa maandishi madogo palikuwa na maelezo kwamba hizo mia nne ni za mtu wa ratili mia moja na hamsini, yaani kilo sitini na nane. Mzigo mkubwa unataka nguvu nyingi kuubeba, kwa hiyo mimi nilipaswa kuunguza zaidi. Nikatafuta mizani. Wanunuzi binafsi wa mahindi walikuwa wameanza kuja na mizani zao, wanapima magunia pale karibu na kituo cha basi. Nikapanda.

"Mwalimu, tukuandikie daraja la kwanza au la pili?" mpimaji akasema, na wabebaji wakaangua kicheko.

"Andika kilo, acha mdomo," nikamwambia. Zilikuwa tisini na tatu.

Nikapiga uwiano. Kalori mia tano arobaini na saba kwa mkanda mzima, kumi na tatu nukta saba kwa dakika. Nikachora jedwali kwenye daftari: tarehe, dakika, kalori zilizoungua, kalori zilizoingia. Za kuingia nilizisoma kwenye pakiti za biskuti za nje zilizokuwa zimejaa madukani, halafu nikakisia: andazi moja sawa na biskuti kadhaa, chapati moja sawa na maandazi mawili. Kila jioni nilipomaliza mkanda nilijiona nina haki ya kurudishiwa. Nimeunguza mia tano na zaidi, basi chapati mbili zina ubaya gani? Nikala kwa raha zote, nikiandika.

Masika yakaisha, nikarudi kliniki. Sukari iliyokuwa kumi na saba ikawa kumi na sita. Kilo tisini na tatu zikawa tisini na tatu.

Muuguzi wa kliniki ile aliitwa Sista Perpetua, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alilipekua daftari langu ukurasa kwa ukurasa.

"Mwalimu, daftari lako ni zuri kuliko la kwetu," akasema. "Dakika arobaini kila siku?"

"Kila siku, Sista. Labda umeme ukatike."

"Ukimaliza unahema?"

"Kidogo."

"Mtu wa kilo tisini na tatu aruke dakika arobaini, aheme kidogo?" Akaweka kalamu mezani. "Unafanyia wapi?"

"Sebuleni."

"Mlango uko wazi?"

"Mlango wangu haufungwi mchana. Kwani naficha nini?"

"Akipita mtu mzima?"

"Nasimama, namwamkia. Sista, na wewe umelelewa wapi? Nimwamkie mkubwa huku narusha mguu?"

Sista Perpetua hakucheka. Alinirudishia daftari na kusema, "Kapime upya dakika zako. Usipime mkanda. Jipime wewe."

Niliudhika njia nzima. Lakini kesho yake nilimweka Salumu kwenye kiti na saa yake ya mkononi, nikamwambia aandike kila nikisimama na kila nikianza. Nyumba yetu iko kwenye njia ya msikitini, na saa kumi ndiyo saa ya wazee kwenda kuswali alasiri na kurudi. Mzee wa kwanza akapita. Shikamoo mzee, marahaba, habari za hapa, nzuri, watoto, hawajambo, shule, tunashukuru. Wa pili akapita. Wanafunzi wangu wakapita, watatu, kila mmoja na shikamoo yake, na marahaba haitolewi kwa jumla. Halafu akaja Bi Tatu, mama mkwe wangu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bi Tatu haamkiwi kwa kusimama tu. Unashuka magotini, unaulizwa umeshindaje, unauliza mgongo, unauliza kuku, unasubiri ajibu. Siku ile kuku alikuwa ametotoa, na habari ikawa ndefu.

Kuugandisha mkanda nisingeweza, maana deki yetu ukiigandisha ilikuwa inatafuna. Kwa hiyo wale wanawake watatu waliendelea kuruka peke yao.

"Kumi na saba," Salumu akasema.

"Kumi na saba nini?"

"Dakika. Kati ya arobaini." Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Rehema, mkanda ndio unafanya mazoezi. Wewe unasalimia."

Kumi na saba mara kumi na tatu nukta saba. Mia mbili thelathini na tatu. Na mimi nilikuwa nikijirudishia mia tano kila jioni, tena kwa furaha. Sikucheka. Nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye kibao, nikalia kwa hasira, maana miezi mitatu ilikuwa imekwisha na miguu ilikuwa yangu.

Tulizungusha saa zote. Asubuhi naondoka kwenda shule saa kumi na mbili. Mchana bati letu linaivisha mtu. Jioni napika, kisha wanaume wanakuja kutazama filamu. Ilibaki saa kumi tu. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niolewe: nikafunga mlango mchana, nikatia komeo.

Dakika arobaini za kweli ni ndefu. Siku ya kwanza nilifika ya kumi na tisa nikajitupa kwenye mkeka. Wiki ya pili nilifika ishirini na nane. Mapaja yaliniuma nikawa nashuka kitandani kwa kujiviringisha, na ubaoni nilikuwa naandika kimo cha kifua kwa sababu mikono haikupanda zaidi. Kila siku nilivua raba nikazikagua nyayo kwa kioo, nikatafuta lengelenge, kwa kuwa baba alianza na lengelenge. Chapati nikazifuta. Kwenye safu ya kalori zilizoingia nikaandika ugali kiasi cha ngumi yangu, mchicha, dagaa, maharage. Sikujirudishia kitu.

Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na watu walikuwa wanapita. Bi Tatu alikuja siku ya tatu. Akapiga hodi mara tatu kama inavyotakiwa, hakujibiwa, akaondoka.

"Mama anasema amebisha hodi tatu," Salumu aliniambia, "na amesikia ngoma za Kizungu ndani."

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo kumwomba radhi. Alikuwa anapepeta mchele. Nikashuka magotini nikamwamkia. Akaitika bila kuacha ungo.

"Mimi nimekuzalia mume," akasema. "Leo nisubiri mpaka mkanda uishe ndipo unione?"

"Mama, ni dawa. Ni kama vidonge."

"Vidonge gani vinafungiwa mlango?"

Wiki zikapita hakuja. Nilipika nikampelekea, sahani ikarudi haijaguswa.

Kufika kipupwe mwili ukaanza kutii. Sketi zikawa zinazunguka kiunoni, pete ikawa inadondoka kwenye unga. Ningependa kukuambia kwamba nilifurahi. Lakini wewe uliyekuwepo miaka ile unakumbuka mtu akikonda watu walisema nini, na Mikumi malori yanalala. Bombani wanawake walinyamaza nikifika. Mwalimu mwenzangu aliacha kunywa kwenye kikombe changu. Anakonda, anajifungia ndani mchana; hesabu hiyo kila mtu aliijumlisha.

Siku moja Salumu alikuwa ananawa mafuta ya gari mikononi, akaniuliza bila kunitazama, "Kule Kilosa walikupima sukari tu?"

"Umesema?"

"Mama ndiye anauliza."

"Mama ndiye anauliza, au wewe?"

Akaendelea kunawa mikono iliyokuwa imeshatakata. Siku hiyo nilimchukia mume wangu, na sioni haya kuliandika hilo, maana ugonjwa mrefu una siku za namna hiyo na wewe ukizipata usijione umekuwa mtu mbaya. Saa kumi ilipofika nikafunga mlango nikatia komeo. Nikafika dakika ya thelathini na sita.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilifanya kosa jingine. Nilikuwa na vipindi vingi, sikula mchana, na vidonge nilikuwa nimemeza. Nikaona ni faida, kalori zisizoingia. Katikati ya mkanda jasho likawa la baridi. Mikono ikatetemeka, ulimi ukawa mzito, sakafu ikanijia. Nikajikuta nimelala ubavu kwenye mkeka, na wale wanawake wanaruka juu yangu kwenye kioo cha televisheni. Hapo nikasikia hodi. Nikataka kuitika, sauti haikutoka. Hodi ya pili. Komeo lilikuwa hatua nne kutoka nilipo, na sikuweza kulifikia. Hodi ya tatu. Kisha nikasikia ndala zinaondoka.

Nilitambaa kwa viwiko mpaka kabatini, nikavuta kitambaa cha meza, bakuli la sukari likaanguka. Nililamba sukari sakafuni. Sukari niliyoikimbia nusu mwaka mzima ndiyo iliyoniokoa. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikisema, mlango utafunguliwa na mkanda utaishia hapo.

Siku ya kliniki ilipofika, Bi Tatu alisimama uani kwetu alfajiri amevaa kanga mpya na viatu.

"Nakwenda naye," alimwambia mwanawe. "Nikasikie kwa masikio yangu."

Tulipanda gari la kwenda Kilosa kwa njia ya kijiji cha Ulaya, vumbi tupu, yeye dirishani mimi katikati, mpaka hospitalini. Kwenye benchi tulikaa mbele ya mzee mmoja mwenye magongo na mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini. Bi Tatu aliutazama ule mguu muda mrefu.

"Baba yako alikuwa hivi?" akaniuliza.

"Hivi hivi, mama."

Tulipoitwa nikamwambia Sista Perpetua, "Huyu ni mama mkwe wangu. Mweleze kila kitu changu, usibakize." Sista akapima. Sukari nane. Kilo themanini na moja. Akamweleza Bi Tatu kwamba ugonjwa ni sukari na si ukimwi, kwa maneno ya jikoni, na akamwambia wazi kwamba kukonda kule ndiko kupona kwenyewe. Bi Tatu akasikiliza amekunja mikono.

"Kuna siku yoyote ulitetemeka, ukaishiwa nguvu?" Sista akaniuliza.

Sikuweza kumdanganya mbele ya ile mizani. Nikasimulia yote: mkeka, komeo, hodi tatu.

"Ilikuwa siku gani?" Bi Tatu akadakia.

"Jumatano ile, mama. Ya gulio."

Akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Ni mimi niliyebisha," akasema. "Nilisema nikamalize maneno na mkwe wangu. Nikabisha tatu, nikaona nimedharauliwa, nikaondoka." Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, na Sista Perpetua akatuacha tulie kidogo tu, kwa kuwa benchi nje lilikuwa limejaa.

Kisha akasema, "Usimeze vidonge bila kula. Na usijifungie tena peke yako. Mazoezi usiyaache, lakini mlango uwe na mtu."

Mwisho wa mwaka daktari aliniandikia vidonge vile vile, tena nusu. Sindano haijaja bado, ikija nitachoma. Miguu ninayo miwili, na nyayo zangu nazikagua kila jioni hadi leo. Ila ninachokumbuka zaidi ya kliniki zote ni jioni ya kesho yake baada ya safari ile.

Nilirudi kutoka shule, nikala, nikavaa raba, nikasimama katikati ya sebule nikiwaza mlango niufanyeje. Bi Tatu akaingia uani na kigoda chake. Hakunitazama. Aliufungua mlango wangu mpaka ukutani, akaweka kigoda kizingitini, akakaa amenipa mgongo.

"Washa hicho kitu chako," akasema.

Nikawasha. Mzee wa kwanza wa alasiri akapita, nikamwona kupitia bega la Bi Tatu, na goti langu likaanza kupinda lenyewe.

"Hapo hapo!" mama mkwe akasema bila kugeuka. Halafu akapaza sauti kwa yule mzee: "Mkwe wangu anakuamkia!"

"Marahaba," mzee akaitika njiani, akijaribu kuchungulia. "Yuko wapi?"

"Yuko kwenye dawa. Pita, utachelewa swala."

Akaja wa pili, naye akaamkiwa. Wakaja wanafunzi na shikamoo zao tatu, akaziitikia zote kwa niaba yangu, moja moja. Mimi nilirusha miguu mpaka kanga yake mgongoni ikawa naiona mbili mbili kwa jasho, na sikusimama. Muziki ulipokwisha, aliinuka taratibu akishika mgongo, akageuka, akanitazama juu mpaka chini kwa mara ya kwanza tangu kipupwe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Sasa niamkie."

Nikashuka magotini huku nahema, jasho likidondoka sakafuni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akasogeza daftari lililokuwa mezani mpaka karibu na mkono wangu. "Andika arobaini."